Mahali Wazi: Maneno Tunayotumia Kupangia Kitovu cha Kisumu

Kiswahili hakina neno moja lililokubalika na wote la kutajia ile sehemu ya jiji yenye maduka, benki, ofisi na vituo vya magari. Wapo wasemao katikati ya mji, wapo wasemao mjini kati, na magazeti hupendelea kitovu cha jiji. Vijana wa Kisumu, ambao hawana subira na kamusi, husema tu kwamba wanaenda tao. Katika makala haya nitashikilia kitovu. Si kwamba ni istilahi bora kuliko nyinginezo, bali kitovu ni alama ya mahali ambapo chakula kilipitia, na kwa mji wa Kisumu maana hiyo inasimama imara kihistoria.

Reli ilifika ukingoni mwa Ziwa Viktoria mwezi wa Desemba 1901, na kituo chake cha mwisho kikabandikwa jina Port Florence, kwa heshima ya mke wa mhandisi wa reli aliyeitwa Ronald Preston. Jina hilo halikuota mizizi. Lililodumu ni la wenyeji, ambalo aghalabu huelezwa kuwa linatokana na neno la Kijaluo linalohusu kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana vitu, hususan wakati wa njaa; majirani zetu Waluhya nao wana kitenzi kinachokaribiana nalo mno. Kwa hivyo Kisumu lilikuwa jina la tendo kabla halijawa jina la mji. Watu walikuja hapa na walichonacho ili warudi na walichokikosa. Reli na meli zilipanua tu shughuli iliyokuwapo. Pamba na kahawa kutoka Uganda zikapitia bandarini; wafanyabiashara wa Kihindi, akiwemo yule tajiri mashuhuri Allidina Visram, wakafungua maduka; na mbele ya maduka hayo zikajengwa baraza ambazo hadi leo humkinga mpita njia na jua la saa nane na mvua ya saa kumi. Chini ya baraza hizo wakaketi mafundi wa kushona na cherehani zao. Mwenye duka aliuza kitambaa, fundi akakishona palepale, na mama wa ndizi akamuuzia chakula mteja aliyekuwa akisubiri.

Nimetangulia na historia hiyo kwa sababu kila mpango wa kuhuisha kitovu cha mji huanza na hukumu fulani juu ya kilichokufa. Hukumu hiyo haiandikwi waziwazi. Imo ndani ya kitenzi. Tukisema kufufua, tumekwisha kudai kwamba pana maiti. Tukisema kuhuisha, tunakubali angalau kwamba mwili ungalipo na unahitaji kuongezewa uhai. Ama tukisema kusafisha, kitenzi ambacho husikika sana vinywani mwa wakubwa kila mgeni mashuhuri anapotarajiwa, basi tumekwisha kuamua kwamba kilichopo ni uchafu, na swali lililosalia ni la ufagio tu.

Ni nini basi kilichokufa Kisumu? Bandari ilidhoofika pakubwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, kwa maana bandari ya ziwani haina maana bila bandari za majirani upande wa pili. Kiwanda cha pamba cha KICOMI, kilichowahi kuajiri mamia ya watu, kilifunga milango yake katika miaka ya 1990. Katika muongo huohuo gugumaji lilitanda ziwani hata mashua zikashindwa kutoka. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliacha maduka kadhaa ya kitovu yakiwa magofu yenye masizi. Zaidi ya hayo, maduka makubwa ya Nakumatt na Tuskys yaliyoporomoka nchini kote kati ya mwaka 2017 na 2021 yaliacha kumbi pana zisizo na mpangaji. Mtu akiipitia orodha hii kwa makini ataona kwamba hakuna hata kimoja kilichouawa na mwanamke anayeuza parachichi juu ya gunia. Vyote vilikufa kwa maamuzi, madeni, siasa na magugu. Mwanamke wa parachichi ndiye aliyebaki hai. Ajabu ni kwamba mipango inapoandikwa, yeye ndiye hugeuka kuwa tatizo la kwanza.

Sisemi hivyo kwa chuki dhidi ya mipango. Kisumu kilipopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2001, sherehe za kutimiza karne moja zikiendelea, sisi tuliokuwa watoto tuliamini kwamba jiji ni neno lenye nguvu za pekee, kwamba kesho yake maji yangetoka mferejini. Hayakutoka. Tangu hapo kumekuwa na juhudi za kweli. Palikuwa na mradi wa miji uliogharimiwa kwa mkopo wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa, na mpango mkakati wa ustawi wa jiji wa mwaka 2013. Kisha mwaka 2020 ukatolewa mpango wa uchukuzi uliotanguliza waendao kwa miguu na kwa baiskeli badala ya wenye magari. Njia pana za miguu zilizojengwa katika mitaa ya kati, ukiwemo mtaa wa Oginga Odinga, zimenifurahisha mimi binafsi. Nimelelewa katika mji ambamo mwenda kwa miguu alipigiwa honi kana kwamba yeye ndiye mvamizi. Leo bibi mwenye mkongojo aweza kutoka benki hadi kwenye kituo cha magari bila kukanyaga mtaro. Asiyelisifu hilo ana lake jambo.

Tatizo langu lilianzia ukumbini.

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, amekuwa akiuza ndizi, parachichi na machungwa karibu na kituo kimoja cha magari cha kitovu tangu nilipokuwa darasa la tatu. Karo yangu ya shule ya upili, nusu yake ilitoka kwenye gunia hilo. Miaka michache iliyopita wachuuzi wa eneo lake walialikwa kwenye mkutano wa kutoa maoni kuhusu mchoro wa awali wa kupendezesha sehemu hiyo ya mji. Mchoro ulikuwa umechorwa na kampuni moja ya washauri, na maelezo yake yote yalikuwa ya Kiingereza. Shangazi akaniambia, "Baba, wewe si unasomea lugha? Njoo utusomee." Nikaenda. Walipogundua kwamba ninasoma Kiswahili chuoni, akina mama waliokuwa pale wakanipa cheo cha "mwalimu" na kiti cha mbele.

Inafaa nieleze kwa nini Kiswahili ndicho kilichohitajika, kwa kuwa asiyekijua Kisumu hudhani kwamba Kijaluo kingetosha. Katika safu ile ya wachuuzi mlikuwa na Wajaluo, Wamaragoli walioleta mboga kutoka milimani, Wakisii wa ndizi, mzee mmoja Mnubi na kijana wa Kisomali aliyeuza vifuniko vya simu. Lugha waliyoulizana chenji ilikuwa Kiswahili, cha Kisumu bila shaka, chenye ngeli mbili tatu zilizopotelea njiani, lakini Kiswahili.

Nilitafsiri kwa saa nzima. Palipoandikwa mahali pa kuegesha baiskeli, nikasema hivyo. Palipoandikwa miti ya kivuli, nikasema hivyo, na watu wakapiga makofi. Kisha tukafika kwenye kipande cha karatasi kilichopakwa kijani hafifu, karibu kabisa na kituo cha magari. Maandishi yake yalikuwa maneno mawili ambayo kila mwanafunzi wa mipango miji huyajua. Nikayatafsiri: mahali wazi.

Shangazi akanyanyua mkono. Hakuwauliza wataalamu. Aliniuliza mimi. "Wazi kwa nani, baba?"

Sikuwa nimetafsiri vibaya. Hata leo, nikipewa maneno yaleyale, nitasema vilevile. Lakini swali lake lilinifunulia jambo ambalo ufasaha wangu ulikuwa umelifunika. Katika Kiswahili, wazi lina sura mbili. Mlango ulio wazi humkaribisha mtu. Kiti kilicho wazi hakina mtu. Mchoraji alikusudia maana ya kwanza: uwanja wa umma, mtu yeyote apite, aketi, apumzike. Shangazi alisikia ya pili, na kwa haki, kwa sababu mahali penyewe ndipo alipokuwa ameketi kwa miaka ishirini na ushei. Nilihesabu kwa kumbukumbu, nikiwa palepale mbele ya karatasi: walikuwa wachuuzi 13, mafundi viatu 2, na mama wa uji. Kwenye mchoro palikuwa na miti 4 na kiti kirefu kimoja.

Afisa aliyeongoza mkutano, mtu muungwana, alijibu kwamba wachuuzi hawafutwi, watatafutiwa mahali mbadala. "Mbadala" nikalitafsiri pia, ingawa ni neno la Kiswahili tayari, kwa maana wengi pale hawakuwa wamelisikia. Mama wa uji akauliza kama hapo mbadala patakuwa na watu wanaoshuka matatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Lilikuwa swali la kitaalamu kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo. Biashara ndogo ya kitovu haiuzi bidhaa tu, inauza ukaribu. Hakuna anayefunga safari kwenda kununua ndizi moja. Huinunua kwa sababu imekaa kati ya gari aliloshuka na ofisi anakokwenda. Ipeleke ndizi hiyohiyo hatua mia tatu nyuma ya majengo, hata ukiijengea paa la mabati na sakafu ya saruji, umeiua. Nairobi ilijifunza somo hili mwaka 2008 soko la Muthurwa lilipofunguliwa ili kuwapokea wachuuzi wa katikati ya jiji. Haukupita muda mrefu wengi walikuwa wamerejea mitaani, kwa sababu wateja hawakuwafuata.

Nikirudi chumbani usiku ule nilikuwa na mtihani wa sarufi wa kujiandalia, nami nilikuwa nimefika kwenye ngeli za mahali. Sote tumefundishwa: PA ni ya mahali mahsusi panapodhihirika, KU ni ya mahali pa jumla au pasipodhihirika, MU ni ya ndani. Pana watu, kuna watu, mna watu. Kwa miaka mingi nilidhani kwamba huo ni utajiri wa kuwatesea watahiniwa. Usiku ule niliuona kwa jicho jingine. Ramani ya mpangaji husema kuna. Huko mjini kuna msongamano, kuna biashara zisizo rasmi, kuna uvamizi wa njia. Ni kauli ya anayetazama kutoka juu na mbali. Mchuuzi husema pana na mna. Hapa, penye nguzo hii ya taa, pana mama wa uji; humu barazani mna cherehani ambayo usiku hulazwa ndani ya duka la Mhindi kwa makubaliano ambayo hayakuandikwa popote. Kati ya kuna na pana ndipo watu 16 walipopotelea.

Nalo neno uvamizi lina uzito wake. Hati za mipango miji hulipenda mno. Katika Kiswahili cha kawaida mvamizi ni mwizi wa usiku au jeshi la adui. Mwite mwanamke mvamizi katika hati, na bila kukusudia umekwisha kumwambia askari wa kanzu jinsi ya kumshika. Kwa upande wa pili, tumezoea kusema "wadau" tukimaanisha kila mtu anayehusika, lakini katika mikutano niliyohudhuria mdau alikuwa mwenye kiti na chupa ya maji. Waliosimama nyuma waliitwa wananchi.

Huenda msomaji akaona kwamba ninawatwika maneno mzigo usiowafaa. Basi na tutazame jinsi mahali wazi palivyozaliwa katika miji yetu. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya ya umma kutoka Uingereza, alitumwa kuzuru Afrika Mashariki kwa hofu ya tauni na maradhi mengine. Katika taarifa yake alipendekeza miji igawanywe kwa rangi za wakazi, na kati ya makazi ya Wazungu na ya wengine uachwe ukanda wa ardhi isiyokaliwa na mtu. Uwazi huo haukuwa wa kukaribisha. Ulikuwa ukuta usio na matofali. Wapangaji wa leo hawana nia hiyo hata kidogo, na ningewakosea adabu nikidai vinginevyo. Wengi wao ni watoto wa wachuuzi kama mimi nilivyo mpwa wa mchuuzi. Lakini wamerithi kalamu na rangi ya kijani hafifu, na kalamu hiyo ilinolewa kwa kazi ya kutenga.

Isitoshe, upo mfano ulio karibu nasi kwa lugha na kwa maji. Bustani ya Forodhani kule Unguja ilikarabatiwa kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009. Uwanja ulikuwa umechakaa, na ingalikuwa rahisi kuugeuza kuwa bustani ya maua ya kutazamwa na watalii kutoka hotelini. Hata hivyo wauzaji wa vyakula vya jioni walirejea, wakawa sehemu ya uwanja mpya, na anayekwenda Forodhani leo huenda kwa sababu ya moshi wa mishikaki na juisi ya miwa kuliko kwa sababu ya viti. Sidai kwamba kila kitu Forodhani ni shwari. Ninachosema ni kwamba pale mpango ulikubali kuwa chakula ndicho kilichoufanya uwanja uwe uwanja. Linganisha na mwambao wetu wa ziwa. Mwaka 2019 bandari ya Kisumu ilipokarabatiwa, vibanda vya samaki vilivyokuwa kando ya ziwa kwenye ardhi ya reli vilibomolewa. Meli ya MV Uhuru ikarudi majini mwaka huohuo, na garimoshi la abiria likarejea Kisumu mwaka 2021. Hiyo ndiyo hasa maana ya kufufua, na nililishangilia garimoshi hilo kama mtoto. Lakini abiria aliyekuwa akiliota tangu ujana wake alishuka stesheni na kukosa ile samaki ya kukaangwa aliyoikumbuka.

Mwezi wa Mei 2022, Kisumu kilipoandaa mkutano wa Africities na kupokea wajumbe kutoka bara zima, nilisimama kwenye mojawapo ya zile njia mpya nikawaona wageni wakipiga picha. Picha nyingi hazikuwa za njia. Zilikuwa za watu waliokuwa wameketi kando yake.

Ukimuuliza shangazi anachotaka, orodha yake si ndefu wala ya kimapinduzi. Choo cha kulipia kilicho karibu, kwa sababu sasa hana budi kumwachia jirani biashara yake kwa robo saa. Bomba la maji ya kuoshea matunda. Taa, ili auze hadi saa mbili usiku bila hofu. Stoo ya kuweka magunia, kwani sehemu nzuri ya faida yake huishia kwa mwenye mkokoteni anayeyapeleka nyumbani na kuyarudisha. Na karatasi, stakabadhi yoyote, inayosema kwamba mahali pake ni pake kuanzia saa fulani hadi saa fulani. Yuko tayari kurudi nyuma hatua mbili ili bibi mwenye mkongojo apite. Alilisema hilo mwenyewe ukumbini, nami nikalitafsiri kwa Kiingereza, na likaandikwa kwenye kumbukumbu. Katika mchoro uliofuata, kile kipande cha kijani kilikuwa kimepunguzwa, na pembeni pakachorwa visanduku 8 vidogo. Nane si kumi na sita. Lakini ni zaidi ya sufuri, na ninaamini kwamba visanduku hivyo vilizaliwa na swali lililoulizwa kwa Kiswahili.

Sheria haituzuii. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Ibara ya 10 inauhesabu ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Nayo Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 inawapa wakazi majukwaa yao ya kutoa maoni. Kilichokosekana ni watu wa kuziweka hati hizo katika Kiswahili ambacho mama wa uji ataweza kubishana nacho. Kubishana, nasema, si kukielewa tu. Chama chetu kimezoea kuandaa warsha za istilahi za fizikia na tarakilishi, na ni kazi njema. Ila sijui ni mwanafizikia gani aliyeondolewa mahali pake asubuhi kwa sababu ya istilahi.

Nimeanza daftari. Lina kurasa mbili kwa sasa, nami ningependa wenzangu walijaze. Upande wa kushoto ni maneno ya hati; upande wa kulia ni jinsi wachuuzi wa kitovu wanavyoyaita mambo yaleyale. Penye mahali wazi, mafundi viatu walinipa uwanja wetu. Penye biashara isiyo rasmi, kijana wa vifuniko vya simu alisema kazi, akanishangaa kwa kuuliza. Penye mahali mbadala mama wa uji alifikiri kidogo, akasema andika huko, halafu akakoroga uji wake. Mkalimani asiyejua tofauti ya huko na hapa bado hajaanza kazi. Neno uvamizi bado halina kitu upande wa kulia. Nimewauliza watu tisa, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba lilikuwa likimhusu yeye.